Unamzimia, na Hata Salamu Hujampa

Umemwona. Pengine ndiye yule dada anayesimamia upimaji wa magunia kwenye soko la vitunguu pale Misuna, mjini Singida, daftari mkononi, anayewajibu madalali bila kupandisha sauti. Pengine ni kijana mmoja mtulivu unayesoma naye Taasisi ya Uhasibu, au mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya Jumapili. Ratiba yake umeikariri. Begi lake unalitambua kwa mbali. Jina lake umelisikia kwa mtu mwingine, na tangu ulisikie umelirudia moyoni mara nyingi kuliko ungependa watu wajue.

Yeye hakujui. Anza hapo, kwa sababu karibu makosa yote ya mtu anayependa kimoyomoyo yanatokana na kusahau jambo hilo. Wewe umeshaishi naye kichwani miezi kadhaa, mmeshazungumza, mmeshagombana na kupatana. Siku unapomsimamisha barabarani ukiwa umebeba hayo yote, yeye anaona mtu mgeni mwenye macho makali anayeongea kama ana madai. Kazi yako ya kwanza, basi, ni kumsalimia. Mapenzi yasubiri.

Kabla ya kufika kwenye salamu kuna jambo la kulimaliza. Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayempenda mtu mzima. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na hukumu ya Mahakama Kuu ya 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana aolewe akiwa bado mtoto vinakwenda kinyume na Katiba. Nataja haya kwa sababu vijijini kwetu wako wasichana wa sekondari waliopanga vyumba karibu na shule kwa kuwa nyumbani ni mbali. Msichana wa kidato cha tatu anayejipikia mwenyewe ugali jioni bado ni mwanafunzi, na bado ni mtoto. Kama ndiye uliyemwona, mwache asome. Vivyo hivyo ukiwa mwalimu wake, msimamizi wake kazini, au mtu ambaye akikukatalia anaweza kukosa kitu. Huyo hana uhuru wa kukukatalia, kwa hiyo hana pia uhuru wa kukukubali.

Sasa tuje kwenye mji wenyewe. Singida watu wanajuana. Manyoni na Kiomboi wanajuana zaidi, na ukienda Ilongero au Nduguti, mgeni akishuka kwenye gari, watoto wanajua anakwenda kwa nani kabla hajauliza njia. Hali hiyo inakubana kwa namna ambayo vijana wengi wa kiume hawaifikirii. Kijana akionekana amesimama na msichana dakika kumi chini ya mwarobaini, yeye ataitwa mjanja kijiweni. Msichana ataulizwa nyumbani jioni hiyohiyo. Kabla ya kujiuliza utasema nini, jiulize kwanza ni wapi anaweza kuzungumza nawe bila kulipia mazungumzo hayo baadaye.

Mahali pazuri ni pale penye watu wanaoendelea na shughuli zao: uwanja wa kanisa baada ya mazoezi ya kwaya, kantini ya chuo, sherehe ya jirani wakati wa kuosha vyombo, uwanja wa Liti (ambao wengi bado tunauita Namfua) siku ya mechi, wakati kila mtu ana la kusema na aliye karibu yake. Pabaya ni pale asipoweza kuondoka. Amebanwa dirishani kwenye Noah ya kwenda Ilongero, wewe umekaa upande wa mlango, na safari ndiyo kwanza imeanza. Hapo hata swali la adabu linakuwa mzigo. Pabaya zaidi ni njia anayopita peke yake wakati giza linaingia. Hata ukiwa na nia safi kama maji ya kisima, mwanamke aliyesikia hatua za mwanamume nyuma yake saa moja jioni hawezi kuiona nia yako. Geuza njia au mpite haraka kwa salamu fupi. Na usimwite mbele ya kijiwe cha bodaboda, kwa sababu hapo umemweka jukwaani bila idhini yake.

Mtu aliye kazini anahitaji maelezo yake. Wakala wa fedha za simu, nesi wa zahanati, mama lishe, dada wa duka la dawa: hawa wanakuchangamkia kwa sababu uchangamfu ni sehemu ya kazi, na hawawezi kukukimbia kwa sababu kiti chao kiko pale. Nimeona vijana wengi wakilichukua tabasamu la wakala kama barua ya mapenzi. Ukimpenda mtu wa namna hii, kuwa kwanza mteja mwema: salimia, lipa, pisha foleni, nenda. Usimuulize bei ya kitu kama huna nia ya kukinunua, maana unampotezea riziki yake. Baada ya muda, siku ambayo hakuna foleni, neno moja la ziada litapata nafasi yake. Akilijibu kwa ufupi na kuangalia simu yake, umejibiwa. Kesho rudi kama mteja, ukiwa na salamu ileile.

Salamu yenyewe ni zawadi ambayo wenzetu wa miji mingine hawana. Kuna miji mikubwa duniani, London ni mmojawapo, ambako kumsalimia mtu usiyemjua kwenye gari la moshi kunamfanya ashike mkoba wake vizuri. Kwetu mambo yako kinyume: anayepita bila kusalimia ndiye anayetiliwa shaka. Huhitaji kisingizio cha kumsalimia mtu usiyemjua. "Za asubuhi, dada." "Habari za hapa, kaka." "Poleni na kazi." Tumia dada na kaka, acha "mrembo", "mtoto mzuri" na majina mengine ya namna hiyo, hujapewa ruhusa nayo. Kama amekaa na mtu mzima, mama yake, shangazi yake au bibi muuza karanga, elekea kwanza kwa mkubwa. Toa shikamoo yako kwa utulivu, ngoja marahaba, uliza hali, ndipo umgeukie yeye kwa salamu ya kawaida, na usiongeze kitu siku hiyo. Shikamoo iliyotolewa vizuri inaeleza wewe ni mtoto wa watu gani, na bibi yule wa karanga atalisema hilo ukishaondoka.

Salimia hivyo kwa siku kadhaa. Huu ndio ushauri ambao vijana hawaupendi, kwa sababu wanadhani siku zinawapita. Hazikupiti. Mtu anayekutana na sauti yako kila baada ya siku mbili, isiyodai kitu, anaanza kukuhesabu miongoni mwa watu wa mazingira yake, na hapo ndipo mazungumzo yanapopata mahali pa kusimama.

Mazungumzo ya kwanza yajengwe juu ya jambo la kweli linalowahusu wote wawili. Mistari ya kukariri iache. Inasikika, na karibu kila msichana ameshaisikia. Jambo la kweli haliko mbali. Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua: kuanzia mwishoni mwa mwaka kila mtu anaangalia mawingu, na ikifika wakati wa kuvuna alizeti, kila nyumba ina habari ya bei na ya mashine ya kukamulia. Upepo wa Singida peke yake unatosha kuanzisha maneno. Na msidhani kuanza ni kazi ya wanaume. Dada unayesoma haya, mfano huu ni wako:

"Samahani kaka, wewe si ndiye uliyeuliza lile swali la kodi jana?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Mimi jibu la mwalimu lilinipita. Wewe ulielewa?"

Hapo hakuna ujanja. Swali ni la kweli, linajibika, na linamheshimu kwa kumchukulia kama mtu anayejua kitu. Akitaka kuendelea ataendelea. Asipotaka atajibu sentensi moja na hakuna aliyeaibika. Angalia anachofanya na zamu yake: akirudisha swali, akiuliza wewe unaishi wapi, akisogeza begi ili ukae, endelea kidogo. Kisha ondoka wewe kwanza, mazungumzo yakiwa bado matamu. "Haya, asante sana, niwahi darasani." Wengi wanaharibu kwa kung'ang'ania mpaka mwenzao atafute sababu ya kukimbia.

Mara ya pili au ya tatu jitambulishe, na jitambulishe kikamilifu kama tunavyofanya kwetu: jina, unakaa wapi, unafanya kazi kwa nani. "Naitwa Hamisi, nakaa Utemini, niko pale kwenye gereji ya pikipiki." Kuna sababu nzito ya kufanya hivyo. Umempa njia ya kukuulizia. Atamuuliza binamu yake, binamu atamuuliza fundi mwenzako, na ndani ya siku mbili atajua kama una mke Mkalama, kama unalipa madeni, kama ukilewa unapigana. Muache aulizie. Anayeficha anakokaa anaogopwa, na ni haki yake kuogopwa.

Kuna wazee watakaokuambia mambo haya ya kumpenda mtu kwa macho yameletwa na tamthilia. Waheshimu, lakini si kweli. Mtafiti wa Kimarekani Harold Schneider aliishi na Wanyaturu wa hapa Singida mwaka 1959 na 1960 akichunguza ng'ombe, mashamba na mahari. Mwaka 1970 alitoa kitabu kuhusu uchumi wao, na mwaka uliofuata akachapisha sura nzima kuhusu mapenzi miongoni mwao, mapenzi ya mtu kumtaka mtu, mbali na hesabu za ng'ombe. Hayo yalikuwepo kabla televisheni haijafika Singida. Kwa hiyo usione haya kwa kuwa moyo wako unadunda. Umeurithi.

Simu nayo ina mitego yake. Usiitoe namba yake kwenye daftari la wakala, wala usiichomoe kwenye kundi la WhatsApp la kwaya ukamwandikia usiku kama vile aliyekupa ni yeye. Namba ni taarifa ya mtu, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini hata bila sheria, ujumbe wa kwanza kutoka namba ngeni inayojua jina lako unatisha. Fanya hivi: mpe namba yako. "Naomba nikuachie namba yangu. Ukipata nafasi nitafute, usipopata hakuna neno." Kisha nyamaza. Kama ni yeye aliyekupa ya kwake kwa mkono wake, andika mchana, ujumbe mmoja, wenye jina lako: "Habari za mchana Neema, ni Hamisi wa gereji, tuliongea jana baada ya kwaya. Nilifurahi kuongea nawe. Siku njema." Basi. Usifuatishe "mbona kimya", "umeniblue tick", "naona uko hewani". Ujumbe mmoja usiojibiwa ni kitu cha kawaida katika maisha. Kumi ni usumbufu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayetuma ujumbe kwa lengo la kumsumbua mwenzake.

Usianze kwa vocha, wala nauli, wala chipsi kuku. Najua inafanywa na najua kuna wanaosema bila pesa hupati mtu. Zawadi kwa mtu ambaye hamjazoeana inamwekea deni asiloliomba, nawe moyoni unaanza kulihesabu. Huko mbele ndiko linakotokea lile neno baya la "nimemgharamia". Na yale mabango ya kwenye miti na nguzo za umeme yanayotangaza dawa ya kumvuta umpendaye, yapite. Yule mganga anachovuta ni fedha zako, na mtu anayefikiri mwenzake anaweza kufungwa kwa dawa hajaanza bado kumpenda.

Siku ya kutamka itafika yenyewe. Utajua kwa sababu salamu zimekuwa mazungumzo, na mazungumzo yana mambo yenu wawili ndani yake: umejua anampenda mdogo wake, amejua unachukia deni. Sema kwa maneno yako ya kila siku, mkiwa faragha kidogo lakini machoni pa watu. "Napenda tunavyoongea. Ningependa Jumamosi mchana tukae mahali tunywe soda tuongee vizuri. Ukiona haifai niambie tu, sitachukia." Usiseme huwezi kuishi bila yeye. Umeishi bila yeye miaka yote hiyo, naye anajua. Maneno mazito kwa mtu usiyemjua bado hayamwonyeshi mapenzi. Yanamtwisha jukumu la uhai wako.

Ikiwa wewe au yeye ni mtu wa dini anayejizuia kukaa na asiye maharimu wake, au familia yake haipokei mazungumzo ya vijana wawili, kuna njia ya pili, ya zamani na ya heshima. Mtafute mtu wa kati: shangazi yako, mama mdogo, mzee wa msikitini au wa kanisani anayezifahamu nyumba zote mbili. Kazi yake ya kwanza ni kujua kama binti hajaposwa na kama yeye mwenyewe yuko tayari kusikia habari zako. Hilo la pili linarukwa sana. Wazee wakianza kuzungumza mahari kabla binti hajaulizwa, mmeshamkosea. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili, na Uislamu na Ukristo vinataka hivyo hivyo. Ukichagua njia hii, usimtume rafiki wa kijiweni. Mshenga anayepiga domo ataifanya siri yako kuwa habari ya stendi nzima, na jina litakaloumia si lako.

Sasa nikae kwenye kukataliwa, maana hapo ndipo watu wetu wanapofundishana vibaya. Tumelishwa maneno kwamba mwanamke akikataa mara ya kwanza anaringa, kwamba "hapana" yake ina "ndiyo" ndani, kwamba mwanamume wa kweli hakati tamaa. Mafundisho hayo yameleta majonzi mengi: wasichana waliobadilisha njia ya kwenda kazini, walioacha kwaya, waliozima simu. Yaache. Na kwa kuwa sisi ni watu wa kuficha makali, "hapana" yetu mara nyingi haisemwi kwa jina lake. Inakuja ikiwa imevaa nguo nyingine: "Nitakuambia." "Wiki hii niko bize kidogo." "Mungu akipenda." "Nina mtu wangu," hata kama hana. "Wewe ni kama kaka yangu." Ukisikia mojawapo, na siku zikapita bila yeye kukutafuta, amekataa, na amekataa kwa upole ili asikuumize. Mrudishie upole huo. Usimwombe aseme wazi, usiulize sababu, usimtafute rafiki yake akamshawishi. Anayeendelea kumfuata mtu aliyekwisha kukataa anaweza kuingia mahali ambapo Kanuni ya Adhabu inamwita mkosaji: kumsumbua mtu kingono, hata kwa maneno matupu, ni kosa la jinai. Dada unayesumbuliwa hivyo, kwenye vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda, na uhifadhi ujumbe aliokuandikia.

Jibu la mtu aliyekataliwa ni fupi: "Nimekuelewa. Asante kwa kunijibu." Kisha mtihani wenyewe unaanza kesho yake, mtakapokutana, maana Singida mtakutana. Msalimie kama ulivyokuwa ukimsalimia, si kwa huzuni ya kumtia hatia, wala kwa kumpita kama hukumjua. Usilitamke jina lake kijiweni. Ukiumia, na utaumia, mwambie ndugu mmoja unayemwamini, fanya kazi, cheza mpira, swali au omba. Usijaze maumivu hayo kwenye pombe halafu ukashika simu saa sita usiku.

Na kama amekubali soda ya Jumamosi, fika kabla yake. Chagua mahali peupe, mchana, ambapo anaweza kuondoka mwenyewe akitaka. Uliza zaidi ya unavyojieleza, sikiliza majibu, simu yako iwe mfukoni. Akitaka kulipa soda yake mwache alipe. Jua likianza kushuka, msindikize mpaka kwenye bajaji, umtakie jioni njema, na usipande naye kama hajakukaribisha.